Yeremia 29: mustari wa 11 bila mustari wa 5

Mutu akikuuliza ni mustari gani wa Biblia unapendwa zaidi kwetu, kati ya Goma na Rutshuru, usisumbuke kwenda kwa padri wala kwa pasta. Fungua statu za WhatsApp tarehe 1 Januari. Angalia kioo cha nyuma cha taksibusi, kalenda ya kanisa, tishati za korali, hata karatasi za mwaliko wa ndoa. Utaukuta: Yeremia 29:11, pale Mungu anawahakikishia watu wake kama anajua anawapangia nini, na kama ndani ya ule mupango kuna amani na kuna kesho. Vita ikikaribia, unatumwa zaidi. Mwisho wa Januari 2025, wakati M23 iliingia Goma, maji na umeme vimekatika, watu wenye walikuwa bado na chaji kidogo ndani ya simu walikuwa wanautuma.

Ni mustari muzuri. Mimi ni Mukristo na sitaki kumunyanganya mutu yeyote mustari wake. Ila hapa ninaandika kama musomaji, na musomaji ana haki ya kuuliza: haya maneno yametoka wapi? Yametoka ndani ya barua. Na ile barua haianzii kwenye mustari wa 11.

Tuisome basi tangu juu. Mwaka wa 597 mbele ya Yesu, Nebukadneza, mufalme wa Babiloni, alichukua Yerusalema mara ya kwanza (kubomolewa kabisa kulikuja kama miaka kumi nyuma). Akabeba mufalme Yekonia, mama yake, wakubwa wa inchi, mafundi na wahunzi, akawapeleka kwake. Kwa maneno ya leo tungesema ni watu waliohamishwa kwa nguvu, na ukiangalia ile orodha vizuri, mingi kati yao ni watu wa diplome. Yeremia yeye alibaki Yerusalema. Akawaandikia barua, ikabebwa na Elasa na Gemaria, wajumbe wenye mufalme Sedekia alikuwa anatuma Babiloni.

Wale watu walikuwa wanangoja nini ndani ya ile barua? Kile kile chenye mama mwenye alilala miaka miwili Kanyarucinya, chini ya shitini, juu ya mawe ya volkano, alikuwa anangoja: mutu amuambie tarehe ya kurudi. Yeremia anawajibu sawa agronomo. Anawaambia wajenge nyumba na wakae ndani. Walime bustani na wakule kile zinazaa. Waoe, waoze na watoto wao, hesabu yao isipunguke. Watafute amani ya ule muji wenye walipelekwa, na wauombee, juu ukiwa salama na wao watakuwa salama. Ni mustari wa 5 mpaka wa 7. Wa 8 na wa 9 anawakataza kusikiliza manabii na waota ndoto wenye wako kati yao. Wa 10 anatoa hesabu: miaka 70. Ni baada ya ile miaka 70 tu ndiyo mustari wetu wa 11 unaingia.

Sasa tupige hesabu. Niko na miaka 28. Ongeza 70, ni 98. Mutu mwenye alipokea ile barua akiwa na umri wangu alielewa mara moja kama ile kesho nzuri haitamukuta. Itakuta wajukuu wake. Chapisha kalenda ya kanisa yenye mustari wa 10 juu yake, tuone nani atainunua.

Na sura yenye iko mbele yake, ya 28, hatuisomi kabisa, wakati ndiyo inaeleza kwa nini barua iliandikwa kwa ukali ule. Nabii mumoja, Hanania, alisimama ndani ya hekalu mbele ya makuhani na watu wote, akatangaza kama ndani ya miaka miwili kila kitu kitarudi: vyombo vya hekalu, mufalme, wafungwa wote. Yeremia alikuwa anatembea na nira ya muti shingoni kama alama ya utumwa. Hanania akaitoa, akaivunja mbele ya watu wote. Kitu chenye kinanishangaza kila mara ninaposoma hapo ni kwamba Yeremia alijibu Amina kwanza. Alitamani iwe kweli. Hakuwa mutu wa kufurahia habari mbaya, sawa vile watu wanamuchora. Lakini kutamani ni kitu kimoja, kutumwa ni kingine. Hanania alikufa ule ule mwaka, mwezi wa saba, mbele ya miaka yake miwili kutimia. Na kule Babiloni, mutu anaitwa Shemaya alikasirikia ile barua ya Yeremia, akaandika ya kwake Yerusalema kuuliza kwa nini bado hawajamufunga huyu mwenye anaambia watu kama safari itakuwa ndefu. Musome mwisho wa sura ya 29, iko pale.

Kwetu Hanania ana maikrofoni na jenereta. Munamujua. Anakuambia ndani ya siku 21 adui atakuwa amekwisha. Anakuambia mwezi wa sita hautapita, njia itafunguka, mtarudi. Mwezi wa sita unapita, anasogeza, anasema imani yenu ilikuwa ndogo. Sitaji kanisa, juu haliko kanisa moja, na hii namna ya kuhubiri imeingia hata kwenye makanisa yenye zamani ilikuwa inaicheka. Na tusiwatupie wahubiri peke yao. Sisi ndio tunajaza viti. Padri akisimama na kusema mambo yatakuwa marefu, tunatoka tukisema leo hakuwa na Roho.

Halafu kuna neno lenye linaniuma juu ya masomo yangu: kupanda mbegu. Nimesoma agronomia. Kwangu mbegu ni kitu unaweza kushika. Unaweza kupima uzito wake, unaweza kuweka punje 100 kwenye kitambaa chenye maji uhesabu ngapi zimeota. Ndani ya mikesha yetu mbegu imekuwa makuta: panda dola 10, uvune 100. Neno la mukulima limeibiwa na muchezo wa bahati. Na mwenye anaibiwa neno hilo ni mama yule yule wa Rugari au wa Kalengera, mwenye anajua kupita mhubiri yeyote maana ya kutoa kikombe cha maharagi mezani na kukiingiza mu udongo wakati watoto wanaangalia.

Hapo niende kidogo kwenye Zaburi ya 126, yenye inazungumuzia watu wanaolia wakipanda na kuimba wakivuna. Nimesikia ile zaburi ikihubiriwa mara nyingi sawa vile machozi ni machozi ya huzuni tu, ya kawaida. Mukulima anasoma kingine. Kwa nini mutu alie akipanda? Juu ile mbegu ilikuwa chakula. Ni akiba ya mwisho, na njaa iko nyumbani, na unaizika. Wenye wanafanya kazi ya misaada wanajua hili vizuri kabisa: ndiyo maana mara nyingi mbegu ikigawiwa kwa familia zenye zimerudi, wanapanga chakula kigawiwe pamoja nayo, mama asilazimike kupika mbegu. Na mara nyingine mbegu inakuja imepakwa dawa, ina rangi, haifai kuliwa. Yule wa Zaburi hakuwa na mugawo wala rangi. Alikuwa na mukono wake na uamuzi. Ukielewa hivyo, matumaini yanaacha kuwa hali ya moyo. Yanakuwa kitu chenye kina bei, na bei inalipwa asubuhi, mbele ya mavuno.

Nirudie mustari wa 5. Angalia shamba la mutu, utajua anatumaini mpaka wapi. Maharagi ni kama miezi mitatu. Viazi vitamu, miezi mine au mitano. Muhogo unaweza kuomba mwaka muzima, faida yake ni kwamba unaweza kuungoja ndani ya udongo kama ulilazimika kukimbia. Kahawa, miaka mitatu mbele ya kuona kitu cha maana. Parachichi ya kupandikizwa, hivyo hivyo au zaidi. Kwetu Rumangabo, chini ya Mikeno, udongo ni wa volkano, mweusi, unakubali karibu kila kitu. Kambi ya wanajeshi iko pale, makao makuu ya Hifadhi ya Virunga iko pale, na njia kubwa ya Goma–Rutshuru inapita pale, maana yake kila vita inapita pale pia: 2012, 2013, 2022. Na munaona kitu gani kwenye mashamba? Vita ikikaa, mimea mirefu inapotea. Watu wanabaki na kile kinakomaa haraka. Hawakosei, hesabu yao ni ya akili: kwa nini nipande kahawa yenye mutu mwingine atavuna? Lakini ukitembea fasi na ukute kila shamba ni la miezi mitatu, unajua wenyeji wamehesabu maisha yao kwa miezi mitatu mitatu. Mustari wa 11 uko ukutani ndani ya nyumba, na shamba nje linasema kingine.

Mwaka wa 2025 Kanisa Katoliki lilikuwa na Yubile, na neno lake kubwa lilikuwa matumaini. Majimbo yaliifungua tarehe 29 Desemba 2024. Hata mwezi haukutimia, Goma ikaanguka. Papa Fransisko alikuwa ameitangaza kwa barua ya tarehe 9 Mei 2024, Spes non confundit. Nimeisoma, na fasi mingi inanigusa: wafungwa, deni za inchi maskini, makuta ya silaha yenye ingelisha watu. Lakini kuna pale anafundisha uvumilivu, anatuambia tukiangalia uumbaji, majira yanavyofuatana na mavuno yake, tutajifunza kungoja. Kwa heshima yote, hapo ninasikia mutu mwenye anaangalia shamba kupitia dirisha. Kwetu majira hayajatudanganya. Mvua ya Septemba inakuja, hata ikichelewa kidogo. Maharagi yanaota. Chenye kinatudanganya ni njia ya kwenda shambani. Mwenye alipanda Septemba 2022 pale Rumangabo, mwisho wa Oktoba alikuwa anakimbia na godoro kichwani kuelekea Kibumba, maharagi yakiwa ndani ya maua. Uvumilivu gani wa majira unamusaidia huyo? Anahitaji kitabu chenye kinajua kama mutu anaweza kulima vizuri, mvua ikanyesha vizuri, na bado asivune.

Hicho kitabu kiko, ni Yeremia tena, sura ya 32. Ninaomba wahubiri wetu waisome kwa sauti, polepole. Ni mwaka wa kumi wa Sedekia. Jeshi la Babiloni limezunguka Yerusalema. Yeremia mwenyewe amefungwa kwenye uwanja wa walinzi. Binamu yake Hanameli anakuja kumuuzia shamba la Anatoti, kijiji chao, kama kilometa 5 tu kutoka Yerusalema, kwa hiyo upande wenye adui ameshika. Fikiri mutu anakuja kukuuzia shamba lenye liko nyuma ya vikosi, na wewe uko ndani ya gereza. Yeremia anapima shekeli 17 za feza kwenye mizani. Anaandika hati mbili, moja ya kufungwa kwa muhuri, moja ya wazi. Anaita mashahidi, wanatia sahihi. Anamupa Baruku, mwandishi wake, aziweke ndani ya chungu cha udongo zipate kudumu siku nyingi.

Hakuna wimbo pale. Kuna mizani, sahihi na chungu. Na wewe mwenye unatoka Bwisha, mwenye unajua namna ugomvi wa mashamba umekula familia zetu, unaelewa ile hati mbili kuliko mwalimu yeyote wa teolojia. Na aliye nunua lile shamba hakulilima. Baada ya muji kuanguka, watu walimubeba Yeremia Misri. Sura ya 43. Biblia haisemi kama alikula hata punje moja ya Anatoti.

Najua kati yenu, wenzangu wa chama, kuna wenye wamesoma mpaka hapa wakicheka kidogo. Wenye wanasema haya yote ni dawa ya usingizi, kama watu wangeacha kuomba wangeamka. Kwa mustari wa 11 wenye umekatwa, mna haki kabisa. Unalaza. Lakini mujiangalie na nyinyi. Mwenye anangoja visa ya Canada tangu miaka mine, akiacha hata kulipia karatasi ya lisanse yake juu kule haitamusaidia. Mwenye hataki kazi ya kijijini juu ONG moja itaita. Wote wako na Hanania wao, tofauti ni kwamba huyu haimbi. Banki za Goma zilifunga mulango, uwanja wa ndege ukafunga, na ni kweli kama mupango wa mutu yeyote umevunjika. Hata hivyo ninaona dada mumoja wa promosheni yetu ameanzisha kitalu cha miche ya parachichi kwenye kiwanja cha babu yake, miche 200 hivi ndani ya sashe za plastiki. Sijamuuliza kama anaenda kanisani. Amesoma mustari wa 5, alijua au hakujua.

Kuna swali lingine, gumu, na siwezi kuliruka. Kutafuta amani ya muji wenye umeshikwa na mwingine, maana yake ni nini? Ni kuinama kwa mwenye anatawala? Watu wengine wanautumia mustari wa 7 hivyo, na inatisha. Yeremia mwenyewe walimushitaki kama musaliti. Sura ya 37: alikamatwa kwenye mulango wa muji, wakasema anakimbilia kwa adui, wakati alikuwa anaenda, tena, juu ya habari ya fungu la shamba. Alipigwa na kufungwa. Kwa hiyo hatuwezi kusema kutafuta amani ya muji ni njia ya wenye wanataka kukaa salama.

Mfano wangu ni Floribert Bwana Chui, na siyo juu Roma imemutangaza Mwenyeheri tarehe 15 Juni 2025. Ni juu ya kazi yake. Kijana wa Goma, alizaliwa 1981, alisomea sheria, alikuwa wa Jumuiya ya Sant'Egidio, na kazi yake ilikuwa kwenye ofisi ya kudhibiti bidhaa pale mupakani. Chakula chenye kimeharibika kilikuja, akakikataa. Wakamuletea makuta, akakataa makuta. Julai 2007 walimuteka, wakamuua. Alikuwa na miaka 26. Papa Fransisko, mwenye tulimungoja Goma na hakufika, alimutaja mbele ya vijana Kinshasa, Februari 2023. Tangu alipotangazwa, picha yake iko ndani ya makanisa yetu, na tayari ninasikia anahubiriwa sawa nyota ya mbali: mutakatifu, tofauti na sisi, tumuombe atuombee. Mimi ninamuona sawa mutu wa kazi yetu. Sisi wa agronomia tunapima, tunachunguza, tunatia sahihi kwamba hii mbegu inafaa, haya maharagi yanaliwa. Mustari wa 7 ulimukuta pale na sitempu mukononi. Hakusema mambo ya inchi yakitengenezeka nitakuwa mwaminifu. Muji ulikuwa ule ule, wa rushwa na bunduki, na yeye aliutafutia amani kwa shehena moja.

Pasta mumoja mwenye ninamuheshimu, nilimueleza haya yote, akanijibu: ukiwahubiria watu miaka 70, utawavunja moyo. Ni jibu la mutu mwenye anapenda watu wake na sikulidharau. Lakini nilimuuliza nani hasa atavunjika. Bibi mwenye alikimbia Rumangabo 2012, akarudi, akakimbia tena 2022, akakaa Kanyarucinya, akaambiwa Februari 2025 avunje shitini arudi, akakuta nyumba haina mabati na shamba limekuwa pori? Huyo anajua mustari wa 10 bila kusoma. Ameishi ndani yake. Chenye kinamuvunja ni kila mwaka kuambiwa ni mwaka huu, halafu kuambiwa imani yake ndiyo ilikosa.

Pasta alinyamaza, halafu akaniuliza kama nina mbegu ya maharagi ya kupanda juu ya miti, ile yenye kuzaa mingi, juu mvua ya mwezi wa tisa imekaribia na kanisa lina kiwanja nyuma chenye hakifanyi kazi. Nilimuambia kwanza tupime kama inaota.